Brashi ya Waya na Mgunga wa Mama Yako

Mwanangu Kabula,

Sisi tuliofundishwa kuandika barua zamani huanza kwa kusema mimi huku ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Nimeuandika mstari huo, kisha nikaukata. Wewe hujawa mbali bado. Uko ng'ambo ya reli kwa bibi yako, unaaga, na kwa ninavyomjua mama yangu hatakuachia kabla hujala mara mbili. Treni yako ni kesho. Kwa hiyo nina alasiri hii moja, meza hii yenye mguu mbovu, na kalamu ya ofisini ambayo sikuirudisha. Hofu ninayo kweli, ila si ya safari.

Ya safari nayaacha. Shangazi yako tangu Jumapili anakuhubiria habari za wezi wa Tabora, za kufunga begi kwa kamba, za kutokupokea chakula cha mtu usiyemjua, hata mimi nimeyakariri. Mtu mzima aliyekaa kwenye treni mara mbili tu maishani! Basi msikilize, lakini mimi usinitarajie huko. Mimi nataka kukuandikia habari za mti.

Najua umekunja uso. Kila nikiutaja ule mti unakunja uso hivyo hivyo, tangu una miaka tisa. Vumilia, mayu, mama yangu, usome mpaka mwisho. Ukiishia katikati utakuwa umesikia nusu, na nusu ndiyo iliyotufikisha hapa.

Juzi tulipokuwa tunafunga blanketi lako uliniambia neno. Ulisema, "Baba, chuo nitakwenda kwa kuwa wamenichagua. Ila nikifika nitaomba wanihamishie kozi ya ukarani. Kilimo mimi? Kitu nikikipanda mimi hakioti, unajua mwenyewe." Nami nikakujibu, "Utazoea tu." Nikaendelea kukaza kamba. Unajua mwenyewe, ulisema. Ni kweli, Kabula, najua mwenyewe. Najua kuliko unavyodhani.

Sasa ngoja nianze mbali kidogo, maana mama yako alikufa ukiwa na miaka kumi na moja, na yapo mengine hukuwahi kusimuliwa.

Mama yako nilimwoa kutoka kwao ziwani, upande wa Geita, kwa Wazinza. Mimi nilikuwa karani mpya wa mizigo hapa stesheni ya Isaka, kijana wa Didia mwenye suruali mbili zilizopigwa pasi, nikijiona ndiye mwenye reli yote. Baada ya harusi alibaki kwao wiki chache, kisha akaja kwa treni kutoka Mwanza. Nikaenda kumpokea. Nilikuwa nimewatangazia wenzangu wote kwamba mke wangu anakuja, wakajipanga kule kwenye jukwaa la abiria kama wanamsubiri waziri. Behewa likafunguka, akashuka. Begi hakushika. Alikuwa amekumbatia kopo la mafuta ya kupikia, limejaa udongo, na ndani ya udongo kuna kijiti chenye miiba.

Nikamwuliza, "Begi liko wapi?"

"Liko ndani, mwambie mtu alishushe. Hiki nishikie mwenyewe, usimpe mtu."

Nikakishika kikanichoma vidole viwili mbele ya ofisi nzima. Wenzangu walicheka mpaka treni ikaondoka. Stesheni masta wa wakati ule akaniuliza kama hayo ndiyo mahari wanayorudisha Wazinza. Nikawaka aibu, na nakuambia ukweli, kutoka siku ile ya kwanza mti ule na aibu yangu vilikaa chumba kimoja.

Ulikuwa mgunga. Lakini si migunga hii yetu ya Shinyanga, ile myeusi yenye gome la kukwaruza ambayo ng'ombe hujikunia. Huu wa kwao huota kwenye maji, na ukikua gome lake huwa la njano. Njano kabisa, njano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji, laini, na juu yake kuna unga mwembamba unaobaki kidoleni ukiugusa. Ukifuta ule unga kidogo kwa kidole, chini yake unaona kijani. Mama yako aliniambia kwamba utotoni, wakitoka kuchunga mbali na kiu imewabana, walikuwa wakiona ile njano tu wanaanza kukimbia, kwa sababu walijua pale pana maji. "Kwetu ukiona njano, umefika," alikuwa akisema. Sasa akaja kuupanda Isaka, mahali ambapo maji yenyewe tulikuwa tunaletewa kwa behewa!

Akaupanda hapa mbele ya kota yetu, hatua saba kutoka mlangoni. Bibi yako alipokuja kuuona alishika kiuno.

"Mama, mti wa miiba mlangoni? Unazaa nini?"

"Hauzai kitu, mama."

"Dawa?"

"Sijui dawa yake."

"Kivuli?"

"Kidogo tu."

"Sasa wa nini?"

"Wa kuangalia."

Bibi yako aliirudia hiyo kwa mwaka mzima kila nyumba aliyoingia. Mwenzenu ana mti wa kuangalia! Kuku tunafuga wa mayai, mbuzi wa nyama, mkwe wangu amefuga mti wa kuangalia. Jina likabaki hilo. Hata wewe ulipoanza kusema uliuita hivyo, Waakuangalia, kama jina la mtu.

Miaka miwili ya kwanza hakukuwa na cha kuangalia. Ulikuwa fimbo ya rangi ya vumbi. Mama yako aliuzungushia miiba mikavu kwa ajili ya mbuzi, akaugawia maji ya kuoshea mchele, maji ya kufulia ya mwisho, na ulipozaliwa wewe, siku ile ya mvua iliyokupa jina, akapata maji mengine. Alikuogeshea pale. Beseni aliliweka shinani, akikumaliza anamwaga palepale. Nilikuwa nikitoka kazini nakukuta umekaa uchi kwenye beseni, umeshika tawi dogo lisilo na miiba ambalo alikuchagulia, na yeye anakusugua magoti huku anauangalia mti, si wewe. Nilimtania kwamba ana watoto wawili. Akaniambia watatu, na mkubwa ndiye anayesumbua.

Halafu mwaka wa tatu, asubuhi moja, lile gome la vumbi likapasuka nyufa nyembamba, likaanza kubanduka vipande vidogo, na ndani ikatokea njano. Mama yako alinivuta mkono kutoka kwenye chai. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Mimi nikasema, "Aha, vizuri," nikarudi kwenye chai yangu. Hilo nalo nimelibeba. Ningesimama pale dakika tano tu ningepoteza nini?

Ukakua haraka sana baada ya hapo. Watu waliokuwa wanapita kwenda machimboni, Kahama huko na Buzwagi, na wengine mpaka Geita, wakishuka kwenye treni walikuwa wanauona kutoka kwenye jukwaa. Kulikuwa na mchimbaji mmoja mwenye kofia ya plastiki ya njano. Alikuja akasugua gome kwa kidole gumba, akautazama ule unga, akaulamba. Haki ya Mungu, aliulamba. Akamwuliza mama yako kwa sauti ya chini, "Mama, hapa chini umewahi kupima? Mti huu unakunywa mali."

Mama yako akamjibu, "Chimba, kaka. Ukipata dhahabu tugawane. Ukikosa unirudishie udongo wangu kama ulivyokuwa."

Wewe ulikuwa mgongoni mwake, ukacheka kwa sababu yeye alicheka. Sijawahi kusikia kicheko kama cha mama yako tena, na ninakaa hapa stesheni ambapo watu wa kila aina hupita.

Picha unayoijua, ile iliyoko juu ya redio, ilipigwa mwaka ule. Mpiga picha alikuwa anazunguka na kamera yake ya miguu mitatu, mama yako akajipanga kando ya mti, mkono mmoja kichwani kwako na mwingine kwenye gome. Picha ikaja si ya rangi. Aliitazama muda mrefu, akasema, "Sasa huu si ni mti tu?" Njano haimo. Kila ninapoiangalia najaribu kuirudisha kwa kichwa na kila mwaka inazidi kunipotea, kwa hiyo nisaidie kuikumbuka.

Sasa nafika penyewe. Nimesimama kidogo kuandika, nimekwenda kunywa maji, nimerudi.

Mwaka ule ulipokuwa na miaka tisa, likaja tangazo kwamba mgeni rasmi atakuja kukagua mizigo ya kwenda nchi za magharibi, yale makontena na malori yote unayoyajua. Unajua sisi tunavyompokea mgeni. Kabla ya kitu kingine chochote, chokaa. Mawe ya njiani yapakwe chokaa, ngazi zipakwe chokaa, na kila mti upakwe chokaa kutoka chini mpaka kiunoni. Nani alianzisha sijui. Mimi nimekuta hivyo, shuleni, hospitalini, stesheni, mti usio na chokaa ni mti wa porini. Na mwenyekiti wa kamati ya mazingira alikuwa nani? Baba yako. Nilikuwa na daftari, nilikuwa na kamba ya kupimia ili chokaa zote ziishie usawa mmoja. Nilipenda kazi ile, nisikudanganye.

Mama yako alinikuta nachanganya ndoo akaniambia jambo moja tu. "Baba Kabula, paka yote. Wangu usiupake."

Nikamwambia sawa.

Wiki hiyohiyo akapata habari ya msiba kwao, shangazi yake aliyemlea. Akaondoka, akakuacha na mimi. Stesheni masta akapita kukagua kota, akafika hapa kwetu, akasimama. Miti yote ya mstari mzima imevaa nyeupe, wangu umesimama na njano yake. Akasema, "Karani, huu wako unaumwa? Mbona una manjano?" Watu wakacheka. Ni mzaha tu, Kabula. Mtu alitania akaenda zake kunywa soda. Lakini mimi nilirudi palepale kwenye jukwaa na kopo la miiba mkononi, vidole vinatoka damu, watu wananicheka.

Jioni ile nikachukua chokaa. Nikapaka, haikushika. Ule unga ulikuwa unaitema, ikikauka kidogo inaanguka vipande. Nikapaka tena, ikaanguka tena. Nikaenda kwa Shija, yule fundi wa malori, nikamwambia tu kwamba rangi yangu haishiki. Akaniambia, "Karani, rangi haishiki kwenye vumbi. Sugua kwanza. Chukua brashi ya waya, hii ya kutolea kutu. Halafu pitisha oili chafu kidogo, mchwa wasikusumbue. Juu yake ndiyo rangi." Alizungumza habari za bodi ya lori, masikini. Hata hakujua naulizia mti, sikumwambia.

Nikausugua. Nilianzia chini nikapanda mpaka kiunoni, nikazunguka pande zote, sikuacha hata upenyo wa kidole. Unga ukatoka, kijani kikatoka, nikaendelea mpaka nikaona pamekuwa peupe na pamelowa. Nilidhani ni usafi. Nikapaka oili ya gari juu ya unyevu ule, kisha chokaa, na safari hii ikashika vizuri sana, nikapima kwa kamba yangu, ikawa sawasawa na miti mingine. Mgeni akaja, hakushuka hata kwenye gari upande huu wa kota.

Mti huvuta chakula chake kupitia pale pale nilipopasugua. Hayo nilikuja kuambiwa baadaye na bwana miti, na wewe utafundishwa wiki ya kwanza tu huko unakokwenda, kwa hiyo ni bora uyasikie kwangu kwanza.

Mama yako aliporudi akaukuta. Nikamwambia ilikuwa amri ya ofisi, walikuja wenyewe kupaka. Uongo wa kwanza huo. Akauzunguka, akasema, "Umevalishwa soksi, maskini." Akachukua kitambaa na maji akaosha. Chini ya chokaa hapakuwa na njano, palikuwa peusi. Akauliza, nikasema chokaa ile ilikuwa kali. Uongo wa pili.

Mwezi wa pili majani yakaanza kuanguka na mvua ipo. Watu wakaja kutazama. Mama yako akakaa shinani na mimi nimesimama nyuma yake, natafuta pa kuweka uso wangu, na hapo nikaiona. Juu kidogo ya palipoishia chokaa palikuwa na herufi. K. Ulikuwa umeichora kwa kile kisu cha kukatia mchicha, ukiwa umefurahi tu kwamba unajua kuandika jina lako. Mstari mwembamba, hata nusu ya kucha haukuingia.

Nikakuita. Nikakuuliza nani ameandika hapa, ukasema mimi baba, na ulikuwa unatabasamu, ulidhani nitakusifia mwandiko. Nikakupiga kofi mbele ya majirani nikasema, "Umeua mti wa mama yako."

Nimeyaandika maneno hayo kama nilivyoyasema, sikuongeza wala kupunguza.

Mama yako akakuvuta akakuweka mapajani. Akakuambia, nilisikia, "Mti haufi kwa herufi moja, mama. Siyo wewe." Nami nikasema, "Usimdekeze, acha ajue alichofanya." Ukanitazama mimi, ukamtazama yeye, na ukaniamini mimi. Ndilo linaloniuma kuliko kofi. Mama yako alikupa ukweli, na wewe ukachukua wangu, kwa sababu baba yako ndiye karani, ndiye mwenye daftari, anajua vitu.

Halafu ukaanza ile kazi yako. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule ulikuwa unachukua kikombe chako cha maji ya kunywa, kile cha bati chenye maua, unakwenda kumwaga shinani. Hukumwambia mtu. Mimi nilikuwa nafunga kamba za viatu hapa dirishani nakuona. Mwezi mzima, zaidi ya mwezi. Mti umekauka, matawi yanavunjika kwa upepo, wewe unakwenda na kikombe. Ningeweza kufungua dirisha. Kwa nini sikufungua? Nimejiuliza miaka minane. Niliogopa mama yako asinicheke. Si asinikasirikie, asinicheke, kile kicheko chake kizuri, kunihusu mimi, na brashi yangu na kamba yangu ya kupimia. Ni hilo tu. Sina sababu kubwa zaidi ya kukupa na ningekuwa nayo ningekupa.

Miaka miwili baadaye mama yako akaugua, na wewe unakumbuka, sitakurudisha huko. Ila kuna siku moja hukuwepo, ulikuwa shule. Alikuwa amelala hapo kitandani, ameelekea ukutani. Akaniita.

"Baba Kabula."

"Naam."

"Ile brashi ya waya ya Shija, ulimrudishia?"

Brashi ile niliichomeka juu kwenye dari ya banda la kuku siku ileile, na sikuigusa tena.

Akasema, "Nilikuwa natafuta mayai. Waya zake zote zimejaa njano. Nikairudisha pale pale."

"Lini?"

"Wiki ile niliyorudi msibani."

Kabula, alijua tangu mwanzo. Alijua nilipokupiga. Nikamwuliza kwa nini hukusema, mbona uliniacha. Akageuka akanitazama. Alisema, "Mimi nilimwambia mtoto siyo yeye, hakusadiki. Anakusadiki wewe. Nilikuwa nakungoja wewe useme." Hakucheka. Niliogopa miaka yote ile kwamba atanicheka, na alikuwa amechoka tu.

Kisha akanielekeza chini ya kitanda, kwenye lile sanduku la bati, nikatoa kopo la kahawa lenye mfuniko. Ndani mna mbegu. Alizichuma kutoka kwenye mti wake mwaka wa mwisho uliokuwa mzima, akazichanganya na majivu wadudu wasizile. Akasema, "Hizi ni za Kabula. Mpe siku utakayomwambia. Siku nyingine usimpe." Nikaapa. Nilidhani ningekuambia jioni ileile utakaporudi shule.

Siku tuliyomzika, wale akina mama wa jumuiya walikupa mche wa maua uupande kaburini. Ukaficha mikono nyuma. Walidhani ni uchungu wa mtoto, wakaupanda wao. Mimi nilijua ni nini na nikainama nikajifanya natoa kokoto kwenye kiatu. Halafu mwalimu wako akaniambia siku za kupanda miti shuleni wewe unajitolea kubeba maji ndoo ishirini, ilimradi usishike mche. Alikusifu kwa bidii. Nikasema wabeja, asante, mwalimu, nikaondoka. Na mwaka ule wa mvua za elinino, reli zilipokatika na hata Isaka ikaota majani kila pembe, nililitoa kopo nikaliweka mezani nikakungoja, ukaingia umelowa unacheka, nikaona sitaki kukuharibia. Ndivyo nilivyojiambia, kwamba nakuhurumia wewe.

Sikupi ushauri mwingi, mwanangu. Aliyekaa na kopo miaka sita atamshauri mtu nini? Naweza kukuambia tu jinsi ilivyokuwa: siku ya kwanza kusema kungenigharimu kicheko kimoja. Kila siku niliyongoja bei ilipanda, na aliyekuwa analipa ni wewe. Leo imefika mahali unataka kuacha chuo ulichochaguliwa kwa sababu ya brashi yangu.

Hukuua kitu, Kabula. Mti ule niliuua mimi, kwa mikono yangu, nikiwa mzima, na kikombe chako cha maji ndicho kitu kizuri pekee kilichofanyika katika habari nzima. Mkono wako hauna kasoro. Kama ukifika huko ukaona kilimo hukipendi, omba ukarani, mimi sitakuwa na neno. Lakini omba kwa kuwa unapenda makaratasi kama baba yako, usiombe kwa kuwa unaogopa udongo.

Mbegu zake ni ngumu. Mama yako alikuwa akichemsha maji, anayaepua, anazitia humo na kuziacha mpaka kesho yake. Zilizovimba ndizo za kupanda. Miaka miwili ya mwanzo itakuwa fimbo tu, usikate tamaa wala usikubali watu wakucheke. Uweke mahali penye maji. Na ukianza kuwa njano uache na unga wake.

Nilikuwa nimepanga barua hii niitie chini kabisa ya begi lako, chini ya blanketi, uikute umeshafika Morogoro. Nilipanga hivyo mpaka nusu saa iliyopita. Halafu nikajiona tena niko dirishani nafunga kamba za viatu. Hapana. Nitakupa mkononi, leo, jua likiwa bado lipo, uisome mimi nimekaa hapa. Kama utanililia nililie, kama hutaki kunisemesha mpaka treni ije basi usinisemeshe, nitabeba begi lako kimya kimya na nitasimama pale jukwaani mpaka taa ya nyuma ipotee. Ila ukiwa na hasira nataka unipate, usizibebe peke yako mpaka Morogoro.

Nimekwenda bandani. Brashi bado ipo. Mbao za dari zimeliwa na mchwa lakini yenyewe ipo, na kutu imejaa, lakini ukiigeuza kwenye mwanga, ndani kabisa kwenye mizizi ya waya, kuna njano. Kabula, ile ile. Miaka minane nimekuwa nikiitafuta kichwani, kumbe ilikuwa kwa kuku. Nimeiweka hapa mezani kando ya kopo uione kwa macho yako.

Nakuona. Unavuka reli, umebeba kichwani mfuko wa michembe, viazi vikavu vya bibi yako, unaangalia kushoto na kulia kama nilivyokufundisha ingawa hakuna treni. Naacha hapa, nakuja kukufungulia mlango.

Ni mimi baba yako, niliyeshika brashi.